Kifo cha wengi harusi

Ndugu wasikilizaji, nanyi wasomaji mnaoyapata mazungumzo haya gazetini, wiki hii nataka tuzungumze juu ya mwisho wa dunia. Msishtuke, wala msizime redio. Sizungumzii mwisho unaohubiriwa misikitini na makanisani, maana huo una wenyewe. Nazungumzia mwisho wa dunia ulioandikwa katika vitabu vya hadithi, na hasa swali moja ambalo limetugombanisha ofisini kwetu kwa muda wa wiki mbili: dunia ikishateketea, mapenzi yawekwe wapi?

Chanzo cha ugomvi ni mchezo wa redio ulioletwa na binti mmoja, mwandishi anayeanza. Katika mchezo wake, ugonjwa umeumaliza mji mzima. Wamebaki watu wachache, na maji yapo mwendo wa siku mbili. Kijana aliyekuwa fundi wa pampu na msichana aliyekuwa muuguzi wanapewa kazi ya kwenda kuyatafuta, na huko njiani wanapendana. Mtayarishaji mwenzangu mmoja aliusoma akautupa mezani. "Mji mzima umekufa," alisema, "hawa wanapata wapi nafasi ya kushikana mikono? Kata hayo yote, tubaki na safari ya maji." Mwingine akamjibu: "Ukikata hayo, kaka, huna mchezo tena. Una taarifa ya habari." Wakaniangalia mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa wa meza hiyo. Binti mwenyewe alikuwa nje, amekaa kwenye benchi na daftari lake mapajani, anasubiri hukumu.

Sikukata shauri siku ile. Nilikuwa na sababu. Miaka mingi nyuma, nikiwa na stashahada yangu ya uandishi wa habari ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri, nilikabidhiwa mchezo juu ya mafuriko makubwa. Ndani yake mlikuwa na mume na mke waliokuwa wamegombana kabla ya mvua kuanza. Niliona ugomvi wao unachelewesha maji. Nikachukua kalamu nyekundu, nikawafuta. Mchezo ulitoka umenyooka kama uzi: mvua ikanyesha, mto ukajaa, watu wakapanda mapaa, wakafa. Kwa kawaida mchezo ukipendwa, mtu hunisimamisha hata kwenye daladala akataka kujua wiki ijayo itakuwaje. Safari ile hakuniuliza mtu. Na mwandishi wake, mzee mpole ambaye hakunilaumu hata kwa neno moja, hakuleta mchezo mwingine tena. Deni hilo ninalo mpaka leo, na ndilo lililonifanya nirudi kwenye vitabu kabla ya kumwita binti ndani.

Basi tuanze tangu mwanzo. Watu wengi hudhani kwamba hadithi hizi zimeanza na bomu la nyuklia. Sivyo. Mwaka 1805 huko Ufaransa kulichapishwa kitabu kiitwacho Mtu wa Mwisho, kwa Kifaransa Le Dernier Homme. Mwandishi wake, Jean-Baptiste Cousin de Grainville, alikuwa padri aliyeuacha upadri wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa akaoa. Hakukiona kitabu chake kikitoka. Mwezi Februari mwaka huohuo wa 1805 alijiua kwa kujitupa majini katika mji wa Amiens.

Katika kitabu hicho ardhi imezeeka, haizai, na wanadamu nao hawazai. Kijana Omegarus wa Ulaya anasafiri kwa chombo cha angani mpaka Brazili, ambako anampata Syderia, mwanamke pekee anayeweza kumzalia. Msikilizaji anayejua hadithi zetu za kawaida atasema: vizuri, sasa watafunga ndoa na dunia itaanza upya. Grainville alikwenda kinyume. Mwenyezi Mungu amekwisha kuamua kwamba dunia ifike mwisho, na maadamu wawili hawa wapo pamoja, mwisho hauwezi kufika. Kwa hiyo anatumwa Adamu mwenyewe, baba wa wanadamu wote, kwenda kumshawishi kijana amwache mkewe. Tazama kazi aliyopewa mzee yule: aliyeanzisha ukoo wa binadamu ndiye anayetumwa kuufunga. Kitabu kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1806, bila jina la mwandishi, majina ya wapendanao hao wawili yaliwekwa juu kabisa, kwenye anwani.

Naomba tulitazame jambo hili vizuri, maana ndilo jibu la kwanza kwa yule mwenzangu aliyetupa mchezo mezani. Kwa Grainville, mapenzi hayakubandikwa pembeni ya kisa ili kumpumzisha msomaji. Kisa chote kinaning'inia juu ya swali moja: je, Omegarus atamwacha Syderia? Akikataa, dunia inaendelea kuoza bila kufa. Akikubali, inakwisha. Ukiondoa mapenzi hapo, huna kinachobaki cha kusimulia.

Tuvuke bahari twende Uingereza. Mwezi Aprili mwaka 1815 mlima Tambora, katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, ulilipuka kwa nguvu kubwa mno. Vumbi lake lilitanda angani, na mwaka uliofuata, 1816, sehemu kubwa ya Ulaya haikuona kiangazi. Mazao yaliharibika, mvua ikanyesha bila kukoma. Mwezi Juni mwaka huo vijana kadhaa Waingereza walikuwa wamejifungia ndani ya nyumba kando ya ziwa karibu na Geneva: mshairi Byron, mshairi Percy Shelley, na Mary, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 19. Byron aliandika mwaka huo shairi juu ya jua kuzimika. Mary alianza kitabu cha Frankenstein, kilichochapishwa mwaka 1818, ambacho wengi wetu tunakijua kwa kupitia sinema.

Kitabu chake kingine hakijulikani sana, nacho ndicho ninachokitaka leo. Kinaitwa The Last Man, yaani yuleyule Mtu wa Mwisho, na kilitoka mwaka 1826 katika sehemu tatu. Ili kukielewa, lazima tujue yaliyompata mwandishi katikati hapo. Mtoto wake wa kwanza alikufa mchanga mwaka 1815. Binti yake Clara alikufa mwaka 1818. Mwanawe William akafuata mwaka 1819. Mwezi Julai 1822 mumewe Percy alikufa maji mashua ilipozama katika pwani ya Italia. Mwezi Aprili 1824 Byron naye akafa huko Ugiriki. Mama huyo, akiwa na umri wa miaka 26, alibaki na mtoto mmoja, na wengi wa kundi la ujana wake walikuwa chini ya udongo. Mtu wa namna hiyo akiketi kuandika juu ya mtu wa mwisho duniani, hahitaji kubuni sana.

Kisa chake amekiweka mwishoni mwa karne hii yetu ya 21, katika Uingereza isiyo na mfalme. Msimulizi, Lionel Verney, anampenda na kumwoa Idris, binti wa mfalme wa zamani. Dada yake, Perdita, anaolewa na Raymond, mwanasiasa mwenye makuu, aliyechorwa kwa sura ya Byron. Katika sehemu yote ya kwanza tunakaa na watu hawa: nani anampenda nani, nani anamficha nani, nani ana wivu. Tauni inashika kasi katika sehemu ya pili. Wakosoaji wa wakati ule walikishambulia kitabu hicho vibaya, na baada ya toleo la Marekani la mwaka 1833 hakikuchapishwa tena mpaka mwaka 1965. Hata leo wapo wasomaji wanaolalamika: mbona mapenzi yamejaza kitabu, na tauni inachelewa?

Nakiri kwamba mara ya kwanza nilikuwa mmoja wao. Nilitaka kuruka kurasa. Niliposoma mara ya pili ndipo nikaona jinsi mama huyu alivyofunga kamba zake. Raymond anamsaliti Perdita kwa kuwa na siri na mwanamke wa Kigiriki, Evadne. Ndoa inavunjika. Kwa uchungu na aibu Raymond anaacha uongozi wa nchi, anakwenda vitani Ugiriki kupigana na Waturuki. Evadne naye amemfuata vitani akiwa amevaa kama askari, na wakati wa kukata roho anamtakia Raymond moto, vita na tauni. Raymond anafika Constantinople, anaukuta mji uko kimya kwa tauni, anaingia peke yake na kufia humo. Perdita, aliyekuwa ameanza kumsamehe, anajitosa baharini. Tazama basi: ni ndoa iliyovunjika ndiyo inayotuongoza mpaka kwenye lango la mji wenye ugonjwa. Mapenzi yametumika kama barabara, na tauni ndiyo inayokuja ikipita juu yake.

Halafu watu wanaanza kufa. Maelfu, malaki, mataifa mazima. Hapa ndipo nilipokumbuka methali ya wazee wetu: kifo cha wengi harusi. Maana yake tunaijua. Msiba ukiwa wa watu wote hupoteza ukali wake, kwa kuwa hakuna wa kumhurumia mwenzake. Kila mtu amefiwa. Methali hiyo ni faraja kwa wafiwa, lakini kwa mwandishi ni hatari kubwa. Akiua mji mzima katika ukurasa mmoja, msomaji hatoi chozi. Anageuza ukurasa tu.

Niliwahi kulishuhudia jambo hilo kwa masikio yangu. Nilipoanza kazi ya redio nilipangiwa kusoma matangazo ya vifo. Siku moja, baada ya ajali kubwa ya basi, niliwekewa mezani karatasi ndefu yenye majina. Niliyasoma yote kwa sauti iliyonyooka, jina baada ya jina, sikutetereka. Karatasi ya mwisho ilikuwa fupi. Kamati ya harusi ya marehemu fulani ilikuwa inawatangazia wote waliochangia kwamba, kwa idhini ya wazazi wa pande zote mbili, michango ya harusi itatumika kwa mazishi. Hapo sauti ilinikatika. Fundi mitambo aliweka wimbo haraka ili nimeze mate. Majina ya abiria wale wote nilikuwa nimeyasoma. Lakini ni harusi moja isiyofungwa iliyonionyesha ajali yenyewe.

Mary Shelley alilijua hilo. Ndiyo maana, baada ya kuua mataifa, anamleta Idris akifa safarini katika usiku wa theluji, na Lionel anarudi na mwili wake mpaka Windsor kumzika katika kaburi la wazee wake. Uingereza nzima imekufa, nasi hatukulia. Tunalia kwa mwanamke huyo mmoja, kwa kuwa tulikuwapo tangu alipopendwa. Zile kurasa za sehemu ya kwanza nilizotaka kuziruka zilikuwa akiba, na sasa mwandishi anaitumia.

Mwaka 1901 M. P. Shiel aliandika The Purple Cloud, ambamo mtu aliyebaki peke yake anazunguka dunia akichoma miji kwa moto, mpaka anapokutana na msichana karibu na Constantinople. Hapo kisa kinageuka: mtu huyo aliyekuwa haogopi chochote anaanza kuogopa, maana sasa yuko mwenzake, na akimpenda huenda wanadamu wakarudi tena. Nampita haraka, kwa kuwa yupo mwingine aliyenigusa zaidi.

Huyo ni George R. Stewart, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California, aliyechapisha Earth Abides mwaka 1949. Kijana msomi, Ish, anaumwa na nyoka akiwa milimani. Anaposhuka anakuta ugonjwa umewamaliza karibu watu wote. Anaendesha gari mpaka New York na kurudi, anatazama jinsi wanyama na majani yanavyotwaa mahali pa watu. Ni kitabu kinachopenda sana mambo ya maumbile, na mapenzi yamepewa kurasa chache. Lakini hizo chache zina uzito. Ish anampata mwanamke aitwaye Em, wanakaa pamoja, na baada ya muda Em anamdokeza jambo linalomtia hofu: ana damu ya watu weusi. Ish anacheka. Sheria zote za kumtenga mtu kwa rangi yake zimekufa pamoja na waliozitunga.

Ili tuone ukubwa wa tukio hilo, tukumbuke mwaka. Mpaka mwezi Oktoba 1948 sheria ya California ilikuwa inakataza ndoa kati ya Mzungu na mtu mweusi; Mahakama Kuu ya jimbo ndiyo iliyoifuta katika kesi ya Perez na Sharp. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Kwa hiyo msomaji wa wakati ule alipokuwa akiona wawili hawa wanaanzisha familia, alikuwa anaulizwa swali gumu kimyakimya: je, ilibidi dunia ife ndipo hawa waoane? Na kwa muda wote unaobaki wa kisa hicho, miaka zaidi ya ishirini, ukoo unaosimama ni wa Em na Ish. Ish ana vitabu. Mwenye ushupavu ni Em.

Sasa tuje kwenye bomu. Nevil Shute, mhandisi wa ndege kutoka Uingereza aliyehamia Australia mwaka 1950, aliandika On the Beach mwaka 1957. Vita vya nyuklia vimeua watu wote wa kaskazini mwa dunia, na sumu inashuka polepole na upepo kuelekea Melbourne. Waliobaki wana miezi michache. Kapteni Mmarekani wa nyambizi, Dwight Towers, anakutana na Moira, msichana anayekunywa pombe kuliko kiasi. Moira anampenda. Tatizo ni kwamba Dwight ana mke na watoto wawili huko Marekani. Wamekufa, naye anajua, lakini anawazungumzia kama watu wanaomngojea, na anawanunulia zawadi za kurudi nazo. Binti yake anamtafutia fimbo ya springi ambayo watoto hurukia. Madukani haipo. Anayehangaika mpaka ipatikane ni Moira.

Ndugu zangu, mimi sijui tendo la mapenzi kubwa kuliko hilo. Mwanamke anamtafutia mwanamume anayempenda zawadi ya mtoto aliyekufa, aliyezaliwa na mwanamke mwingine.

Shute aliweka pia kamba ya pili, nayo ni ya watu wa kazi yangu. Mitambo ya Australia inanasa ishara za redio kutoka upande wa Seattle. Hazina maana, lakini mara mojamoja linatokea neno. Je, yuko mtu hai? Nyambizi inatumwa kuvuka bahari. Mwanamaji mmoja anaingia kwenye kituo, anakuta fremu ya dirisha imeangukia kibonyezo cha simu ya upepo, na upepo unaichezesha. Hakuna mtu. Kwa mtangazaji hakuna ukurasa wa kutisha kama huo: chombo kinaendelea kutangaza, hakuna msemaji wala msikilizaji. Lakini tazama mizani ya Shute. Safari ya nyambizi inapokuwa inaendelea, Moira yuko pwani akisubiri. Mapenzi hayaizuii safari, na safari ndiyo inayoyapa mapenzi kalenda. Kila maili ambayo nyambizi inakwenda ni siku iliyotolewa katika siku zao.

Mwaka 1959 Stanley Kramer alikitengenezea sinema kitabu hicho, akina Gregory Peck na Ava Gardner wakiigiza. Mwezi Desemba mwaka huo ilionyeshwa kwa pamoja katika miji mingi ya dunia, Moscow ikiwamo. Lakini Kramer aliona watazamaji watachoka na mapenzi yasiyotimia, akawafanya Dwight na Moira wawe wapenzi kamili. Shute alikasirika sana, na mwezi Januari 1960 akafariki dunia. Mimi naona alikuwa na haki. Kwa kuongeza mapenzi, sinema ilipunguza uzito wake. Uaminifu wa Dwight kwa mkewe ndio uliokuwa unamwambia msomaji kitu gani kimeteketea kule kaskazini: si miji, ni ndoa ya mtu. Ukiuondoa, unabaki na wawili waliokutana kabla ya ajali.

Na sisi Waswahili tusijione wageni katika meza hii. Euphrase Kezilahabi, aliyetutoka mwezi Januari 2020, alituachia Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vinavyotupitisha katika dunia iliyovunjika. Hivyo vinahitaji mazungumzo yake peke yake.

Kutokana na safari hiyo nilimwita binti ndani. "Shikamoo baba," alisema, bado amelikumbatia daftari. Nilimwitikia, nikamwambia mambo matatu. Kwanza, mapenzi ya watu wako yaanze kabla mji haujafa, hata kama ni kwa kugombania foleni pale bombani, ili tuwe na mtu wa kumlilia. Pili, kila dakika wanayopeana iwe na gharama tunayoiona: wakipumzika chini ya mti, dumu la maji lipungue. Tatu, mapenzi yasiponye ugonjwa. Yakiponya, yamekuwa dawa ya mganga, na msikilizaji atajua tumemdanganya.

Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Na wakifika kwenye maji, baba, wanaruhusiwa kufurahi?"

Nilimwambia ndiyo, wafurahi. Wanywe, wacheke, waoge miguu. Msikilizaji anajua bado wanatakiwa kurudi.

Mchezo huo utarekodiwa mwezi ujao. Yule mwenzangu aliyeutupa mezani ndiye atakayeuongoza, aliomba mwenyewe. Nami kalamu nyekundu nimeiacha kwenye droo. Nimeanza kuulizia pia anakoishi yule mzee wa mafuriko, kama bado yu hai. Nataka kumwomba nakala ya mchezo wake, ile ya kwanza, yenye mume na mke waliogombana kabla ya mvua.

Mpaka wiki ijayo, siku na saa kama hii, nawatakia heri.